Sekunde Nane

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpiga pasi alikuwa ameshafika shuka la arobaini. Chumba cha dobi cha hospitali hakikuwa na dirisha, ila matundu manne chini ya dari, na mvuke ulitokea hapo bila haraka. Shuka liliingia kwenye rola likiwa na mikunjo, likatokea upande wa pili bapa na la moto. Alilivuta kwa ncha za vidole na kulipitisha kwa Bi Kunja. Bi Kunja alikuwa amekunja mashuka miaka ishirini na miwili, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye orodha ya mishahara tu.

Msichana alikaa kwenye benchi, mgongo ukutani, mahali ambapo aliiona milango yote miwili. Alikuwa na miaka kumi na sita. Ndani ya joto lile alivaa sweta la mikono mirefu.

"La thelathini na tatu lina doa," alisema. "Mmelipitisha."

Bi Kunja alilichomoa kwenye rundo, akalifunua. Doa lilikuwepo, la ukubwa wa kunde.

"Jamani, Mkaguzi! Serikali bado imelala, huyu wetu keshafungua ofisi."

Msichana hakucheka, lakini alionekana kuridhika. Alfajiri, walipokuwa wakivaa, alikuwa amemwambia mpiga pasi, "Wewe ndiye mama yangu. Yule alinizaa tu." Juzi Jumatatu, kwa sababu ya simu iliyopokelewa nje ya chumba badala ya ndani, alikuwa amemwambia, "Wewe na dada yako damu moja. Mnanuka sawa." Mpiga pasi alikuwa amejifunza kutoyaweka maneno ya namna ya kwanza na kutoyatupa ya namna ya pili.

Msimamizi wa dobi aliingia na daftari lake. Hakuwasalimu. Aliinua marundo moja moja, akatazama chini yake, na chini ya rundo la tatu akakuta shati jeupe la kiume, limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

"Hili ni la mgonjwa wa wodi gani?"

"La mgonjwa wa masjala, bosi," alisema Bi Kunja. "Anaumwa harusi ya Jumamosi."

"Moto wa serikali, nguo za watu binafsi. Nikilikuta tena nitaandika majina." Aligeuka kwa mpiga pasi. "Na huyu binti? Hapa si chekechea."

"Nina ruhusa bosi, kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Leo Jumatano, daktari wake yupo."

"Ruhusa ya tatu mwezi huu." Aliandika. "Jumatatu tunahesabu mashuka yote ya mwezi. Atakayekosekana Jumatatu nitajua mashuka yamekwenda wapi, na asihangaike kurudi."

Alipoondoka, msichana alisema, "Anakudhania mwizi."

"Anamdhania kila mtu."

"Ana sababu. Shati lilikuwepo."

Shule ilikuwa imemrudisha nyumbani wiki tatu zilizopita. Alikuwa na rafiki. Kwa miezi miwili hakuwa na neno jingine kinywani ila jina la rafiki huyo. Siku moja rafiki alihamia dawati la mwenzake. Msichana akautupa mkoba wa rafiki yake dirishani, akajifungia chooni saa mbili nzima, na mwalimu wa nidhamu alipovunja kitasa aliziona alama mkononi mwake, za zamani na mpya. Barua iliyokuja nyumbani ilisema asirudi bila cheti cha daktari wa akili chenye muhuri wa hospitali. Mtihani wa taifa ungeanza Jumatatu ijayo. Orodha ya watahiniwa ingefungwa leo, saa nane mchana. Jina lisilokuwepo lingesubiri mwaka.

Daktari wa akili alikuja hospitalini hapo Jumatano tu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na chumba chake kilikatwa kutoka kwenye korido kwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya maziwa. Alizungumza na msichana peke yake kwa muda mrefu. Kisha akamwita mlezi.

Mlangoni msichana alinyoosha kiganja.

Mpiga pasi alitoa kitambulisho chake cha taifa kwenye pochi, akakiweka kiganjani. "Dakika ishirini," alisema.

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao. Msichana alipokuwa na miaka sita, mama yake alimwambia "nakuja sasa hivi," akafunga mlango kwa nje, akarudi siku ya nne. Mtoto aligonga. Majirani walisikia, wakadhani anacheza. Mara ya pili mama hakurudi kabisa, na mdogo wake, mpiga pasi, ndiye aliyekwenda kumchukua mtoto. Asubuhi ya kwanza mtoto alikalia kiatu cha mama yake mdogo na hakukiachia. Mpiga pasi aliazima ndara kwa jirani akaenda kazini. Jioni alimkuta mtoto palepale, bado amekikalia. Tangu hapo anayetoka aliacha rehani, na maneno "nakuja sasa hivi" hayakutamkwa ndani ya chumba kile.

Mwanzoni vilitosha kitana na kilemba. Kadiri msichana alivyokua alianza kupima thamani. Kitana kinanunuliwa, alisema, na kilemba vilevile. Alipofikisha miaka kumi na minne alidai kitambulisho. "Bila hiki hupandi basi la mbali, hupangi chumba, huanzi maisha mapya," alieleza kwa utulivu wa wakili. Mpiga pasi alikitoa.

Daktari alifunga mlango.

"Alama za mkononi unazifahamu?"

"Nazifahamu. Tangu mwaka jana."

"Huwa unamchapa?"

"Simchapi."

"Nauliza kwa sababu lazima niulize."

"Na mimi najibu kwa sababu lazima nijibu."

Daktari aliandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Akikupenda, anakupenda mpaka anaogopa. Akiogopa, anakuchukia yeye kwanza, usije ukamtangulia. Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo. Watu wanasema anaigiza."

"Haigizi. Alijifunza mapema kwamba watu huondoka, na kila siku anatafuta ushahidi. Ukitafuta ushahidi kila siku huukosi." Aliigeuza fomu ya shule. "Kwa watu wazima hali hii ina jina. Sitaliandika. Ana miaka kumi na sita, na faili hutembea kuliko mwenye faili. Nitaandika kwamba anaweza kufanya mtihani, na kwamba asitengwe na wenzake. Anachohitaji ni mtu wa kuzungumza naye kila wiki, mtu yuleyule."

"Tuje Jumatano ijayo?"

Daktari alifungua kitabu cha miadi, akafunua kurasa nyingi. "Nafasi ya karibu ni baada ya miezi minne. Na sina hakika kama atakayekuwa hapa ni mimi."

Aliirudia fomu yake mwenyewe, ya hospitali. Ilibaki mistari miwili. "Kuna ndugu mwingine anayeweza kumchukua?" alisoma.

Mpiga pasi hakujibu papo hapo. Kwenye korido gurudumu la kitanda lililia, likanyamaza.

"Hakuna," alisema.

Alipotoka na cheti mkononi, benchi lilikuwa tupu.

Hakuwa na shaka juu ya sababu. Aligonga ule ukuta wa mbao nyembamba kwa kidole kimoja, na ubao ukaitika kama debe.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi na tano. Masjala, ambako mihuri hupigwa, ilifungwa saa sita. Alikwenda kwanza kwenye dirisha la masjala, labda muhuri ungepatikana kwa maelezo. Karani, kijana mwenye masharubu yaliyochongwa kwa uangalifu, alikitazama cheti mbele na nyuma, kisha akakiinua kwenye mwanga.

"Kitambulisho cha mlezi."

"Anacho binti yangu. Ametoka kidogo."

"Mlezi bila kitambulisho, mgonjwa bila kuonekana." Alikirudisha cheti chini ya kioo. "Dada, nitajuaje hujakiokota?"

"Unanifahamu. Mimi wa dobi."

"Nje ya dirisha nakufahamu. Ndani ya dirisha nafahamu karatasi."

Alianza na vyoo. Alisukuma milango yote sita ya upande wa wanawake, mmoja mmoja, na kabla ya kila mmoja mkono wake ulisita. Havikuwa na mtu, ila cha mwisho kilikuwa na mwanamke mzee aliyemtukana. Alikwenda duka la dawa, getini, kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Alivuka ua mara tatu. Njiani alianza kuwaza mawazo asiyoyapenda: kwamba daktari ni mgeni na hajui, kwamba labda watu wana haki, labda binti amekaa mahali anakula karanga huku akisubiri kuonewa huruma. Wazo hilo lilimfanya atembee polepole hatua kadhaa. Kisha akaharakisha tena.

Kwenye dobi Bi Kunja alisema, "Hajafika hapa, mwenzangu. Umetazama juu?"

"Juu wapi?"

"Wanaojificha hutafutwa chini. Mimi nimelea sita."

Wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya pili, na korido yake ilikuwa na wavu badala ya ukuta. Kutoka hapo ua wote ulionekana. Msichana alikuwa ameegemea wavu, kitambulisho mkononi.

"Dakika arobaini na moja," alisema bila kugeuka. "Nilidhani utachoka kwenye ishirini. Umepita hapa chini mara tatu. Ya pili ulipunguza mwendo."

"Nilipunguza."

"Ulikuwa unasema nimejifanya."

"Niliwaza hivyo. Kwa muda mfupi."

Msichana aligeuka. Macho yake hayakuwa na machozi. Yalikuwa ya mtu anayesoma maandishi madogo. "Alipokuuliza kama kuna ndugu mwingine, ulinyamaza sekunde nane. Nilihesabu. Ulikuwa unamfikiria nani?"

Mpiga pasi alifahamu kwamba jibu rahisi lipo, na kwamba msichana analingoja hilohilo.

"Mjomba wako."

"Kweli?"

"Kweli. Nilihesabu vyumba vyake. Viwili. Nikamkumbuka mkewe, nikaona atakuhesabia vipande vya mkate. Nikasema hakuna."

"Kwa hiyo mke wake asingekuwa mchoyo ungenipeleka."

"Sijui, mwanangu. Kuna siku nachoka. Leo nimechoka. Nimekuja hapa juu na uchovu wangu."

Muuguzi alipita na beseni, akawatazama kama watu wanaokusudia kuiba mtoto.

"Ungesema hukumfikiria mtu," alisema msichana, "hiki ningekitupa kule chini kwenye mtaro." Alikinyoosha kitambulisho. "Saa sita kasoro dakika mbili, ma'mdogo. Utachelewa."

Walichelewa kwa dakika tatu. Pazia la bati la masjala lilikuwa limeteremshwa nusu, na chini yake vilionekana suruali ya karani na mkono unaotafuta kufuli.

"Kesho!" alisema ndani.

"Kesho haina orodha," alisema mpiga pasi. "Kitambulisho hiki hapa, na mgonjwa huyu hapa."

"Saa sita ni saa sita, dada."

Mpiga pasi aliinama mpaka uso wake ukawa usawa wa pengo. "Lile shati la Jumamosi liko kwangu. Kola imekaa vizuri. Msimamizi ameliona asubuhi na anataka jina la mwenyewe. Mimi sijamtajia."

Mkono uliacha kutafuta kufuli. Pazia lilipanda mpaka masharubu yakaonekana, na cheti kikapita. Muhuri ulipigwa mara moja, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

"Kumbe nyie watu wa dobi hamna adabu," alisema karani.

"Tunayo. Tumeipiga pasi tukaikunja," alisema msichana. Mpiga pasi alimtazama kwa mshangao. Kwa mwendo wa dakika kadhaa nje ya geti la hospitali walitembea wameshikana mikono, na msichana alisimulia jinsi masharubu ya karani yalivyotetemeka, akacheka mpaka akakohoa. Mpiga pasi alicheka pia, kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyodekiwa.

Walifika shuleni saa saba na dakika arobaini. Mlinzi alikaa kwenye kibanda chake. Ukutani alikuwa amebandika karatasi yenye majina matano.

"Kitambulisho, mama. Unaacha hapa, unachukua ukitoka. Na huyu," alipitisha kidole kwenye karatasi, "huyu haingii. Jina lake ninalo."

Kitambulisho kilikuwa mkononi mwa msichana. Walikuwa wamekirudisha hapo tangu masjala. Sasa wote wawili walikitazama.

"Kimoja," alisema msichana.

"Mama, unaingia au huingii? Ofisini wanafunga saa nane."

Vidole vya msichana vilikaza, na kadi ikajipinda. Pumzi yake ilianza kuwa fupi. Mpiga pasi aliijua pumzi hiyo. Baada yake hufuata kelele au kukimbia. Aliinama, akafungua kamba za viatu vyake vyeusi vya kazi, vya ngozi nzito, ambavyo bila hivyo hakuna anayeruhusiwa kukanyaga sakafu ya dobi. Alivivua, akasimama miguu mitupu kwenye changarawe.

"Hicho mpe mlinzi. Wewe shika hivi."

"Viatu vinanunuliwa."

"Hivi hutolewa na hospitali, jozi moja kwa miaka miwili. Jaribu kuvinunua."

Msichana alivigeuza, akakagua soli. "Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Kumi na tano."

"Kumi na tano."

Mlinzi aliipokea kadi, akaitazama miguu ya mpiga pasi, akafungua geti.

Ofisini mwalimu wa nidhamu naye aliitazama miguu hiyo kabla ya uso. "Mama mzazi, viatu?"

"Nimeviacha kwa mtu."

Aliandika kitu kifupi pembeni mwa karatasi iliyokuwa mbele yake. Kisha alisoma cheti, mstari kwa mstari, akauchunguza muhuri, akakwaruza wino kwa ukucha. Haukutoka.

"Daktari anasema asitengwe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sisi tumeshamwandalia chumba. Stoo ya vitabu, kule nyuma kwenye ukuta wa barabara. Kuna meza na taa. Msimamizi wa mtihani atamkabidhi karatasi na kumfungia mlango, kwa usalama wa wenzake na wake mwenyewe. Tia saini hapa kwamba umekubali."

"Kumfungia kwa nje?"

"Kwa ndani atajifungia tena kama chooni."

"Mwalimu, mtoto huyu alifungiwa siku nne akiwa na miaka sita. Ndiyo maana yuko hivi. Mlango usifungwe."

"Pole. Lakini mimi sikutunga utaratibu."

"Nani ameutunga?"

"Utaratibu upo, mama. Bila saini, jina haliingii. Chaguo ni lako."

"Na msimamizi akitoka, atamwachia nini?"

Mwalimu alimtazama kwa makini mapya. "Atamwachia nini kivipi? Atamwachia karatasi ya mtihani." Aliandika tena pembeni.

Saa iliyokuwa juu ya kabati ilionyesha saa saba na dakika hamsini na mbili. Mpiga pasi alifikiria mwaka mzima mwingine wa benchi la dobi. Akatia saini. Mwalimu aliliingiza jina kwenye orodha, na mbele yake, kwa wino mwekundu, akaandika: STOO.

Nje mlinzi alimpokea kwa sauti kubwa. "Dakika kumi na nne, mama! Binti yako kanifanya nitazame saa kama refa."

Msichana alikaa kwenye tofali, viatu mapajani. "Wamesemaje?"

"Umeandikishwa. Utafanya peke yako, kwenye stoo."

"Na mlango?"

Mpiga pasi alijua sekunde zinahesabiwa. "Utafungwa kwa nje. Nimetia saini."

Msichana hakupiga kelele. Alitazama ukuta wa shule, akaufuata kwa macho mpaka kona ambako stoo ilipakana na barabara. Alitazama kwa muda mrefu, kama anayesoma bei.

"Kule nyuma kuna kijia," alisema. "Jumatatu ukae pale, nje ya ukuta, mtihani wote. Mimi nikigonga mara moja, wewe ugonge mara mbili. Sitaki kadi wala kiatu. Ugonge tu."

Jumatatu ilikuwa siku ya kuhesabu mashuka. Asubuhi ya leo msichana alikuwepo, kwenye benchi la dobi. Alimsikia msimamizi, neno kwa neno.

"Nitakaa," alisema mpiga pasi.

"Sekunde mbili," alisema msichana. Akampa kiatu cha kushoto. Kisha, baada ya kuukagua uso wake, akampa cha kulia.